Bisi Nazo Zina Hesabu: Dada wa Lishe Anajibu

Haya wapendwa. Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, nikimjibu msomaji aliyetaka kitafunwa cha jioni, kwamba bisi ni chaguo zuri kwa mtu anayepunguza uzito. Sentensi moja jamani! Tangu hapo meseji haziishi, kuna wanaoshukuru, kuna wanaolalamika, na kuna ambao naona wameshaanza kumaliza ndoo nzima kwa kutumia jina langu. Kwaiyo leo safu yote ni bisi. Barua nyingine nimezikata kidogo maana mnajua kuandika nyie.

Dada habari za kazi. Mi nilikusoma kuhusu bisi nikaacha kabisa biskuti, sa hivi kila nikitoka kazini napika bisi nakula mpaka nashiba, wiki zinaenda na mzani haujasogea, tena kama umepanda hivi. Si mlisema bisi hazina kalori? Au mwili wangu ndo mbishi? – Mbishi wa Mzani

Mdogo wangu pole, ila hilo la "hazina kalori" sikulisema mimi. Bisi ni mahindi, na mahindi ni chakula cha nguvu. Gramu 100 za bisi zilizopikwa bila mafuta zina kalori kama 390, ambazo ukizisoma hivo hivo hata huoni tofauti kubwa na hizo biskuti ulizoziacha. Siri yake ipo kwenye ujazo. Bisi ni nyepesi sana, kikombe kizima kilichojaa kina uzito wa gramu 8 tu, yani kalori kama 30, kwaiyo vikombe vitatu ambavyo vinajaza bakuli la kutosha ni kalori 90 na kitu. Hapo hapo unapata nyuzinyuzi kama gramu tatu na nusu na protini gramu tatu, maana ile ni nafaka nzima, ganda lipo, kiini kipo, hakijakobolewa kitu. Krispi za viazi za uzito huo huo zinaenea kwenye kiganja kimoja na zina kalori kama 130, unazimaliza hata hujakaa vizuri.

Kuna utafiti ulitoka 2012, walichukua watu 35 wenye uzito wa kawaida wakawalisha krispi kikombe kimoja chenye kalori 150, na siku nyingine bisi vikombe sita vyenye kalori 100. Waliokula bisi walisema njaa imepungua zaidi kuliko walipokula krispi. Mdomo umetafuna sana, tumbo limejaa, kalori chache. Ndo maana naipenda.

Sasa tuje jikoni kwako. Hukuniambia unapikaje na hapo ndo penye kesi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yoyote yale, ya alizeti, ya mahindi, ya nazi, hata hiyo ya zeituni ya bei, kina kalori kama 120. Punje za bisi vijiko viwili vya chakula, ambazo zikipasuka zinakupa vile vikombe vitatu hadi vinne, zina kalori kama 100. Umeona hapo? Kijiko kimoja cha mafuta kimezipita bisi zenyewe! Na najua watu hampimi, mnamimina toka kwenye chupa mpaka chini ya sufuria pang'ae, hivo ni vijiko vitatu bila wasiwasi. Tuseme unaweka punje nusu kikombe maana unataka kushiba, hizo ni gramu kama 100, kalori 390. Mafuta vijiko vitatu, 360. Afu kijiko cha siagi juu ili zinukie, 100. Umefika 850 na hujaweka sukari, na kila kijiko cha chai cha sukari ni kalori 16 nyingine. Hicho sio kitafunwa tena mdogo wangu, hicho ni mlo mzima na bado baadae unakaa mezani kula na wenzio.

Mwili wako hauna ubishi wowote. Fanya hivi: pima punje kabla hazijapasuka, vijiko viwili, vikizidi vitatu, afu funga pakiti irudishe kabatini kabla hujawasha moto. Mafuta kijiko cha chai, sio cha chakula, hiyo ni kalori 40. Jumla unacheza kwenye 140 mpaka 190. Kupima zikishapasuka ni kazi bure maana kila bakuli lina ukubwa wake na kila mkono una tamaa zake.

Shikamoo Dada. Nataka kupika bila mafuta kabisa au kwa mafuta kidogo sana lakini kila nikijaribu zinaungua chini na nusu yake hazipasuki. Mashine ya hewa ya moto sina. Nakosea wapi? – Msichana wa Sufuria

Marahaba mwaya. Swali zuri na nitalijibu kwa urefu maana wengi wanarudi kwenye mafuta mengi kwa sababu hii hii.

Kwanza ujue punje inapasukaje. Ndani yake kuna maji kidogo, karibu asilimia 14 ya uzito, na ganda lake ni gumu lisilopitisha kitu. Ukipasha, yale maji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, presha inapanda mpaka kama mara tisa ya presha ya hewa tunayovuta, na wanga wa ndani unalainika kama uji. Ikifika nyuzi joto kama 180 ganda linashindwa, linapasuka, ule wanga unafumuka ghafla unapoa hapo hapo na kuwa lile ua jeupe. Watafiti wawili wa Ufaransa walizirekodi kwa kamera ya kasi kubwa, matokeo yakatoka 2015, wakaona 180 ndo mpaka wenyewe, chini ya hapo nyingi hazipasuki, na ile sauti ya "pap" inatokana na mvuke unaochomoka, sio ganda kuvunjika.

Sasa hesabu mwenyewe. Punje ikiwa imekaa wazi miezi imekauka, maji hayatoshi, presha haipandi, inaungua tu. Punje yenye ufa mvuke unavuja, nayo inagoma. Moto ukiwa mkali sana ganda la nje linapasuka kabla ndani hakujaiva sawasawa, unapata zile ngumu nusu nusu. Moto ukiwa mdogo mno, mvuke unavuja taratibu na hakuna kinachotokea. Na mahindi ya kawaida ya kusaga usijisumbue nayo, bisi ni aina yake ya mahindi, punje ndogo ndogo ngumu zinazong'aa.

Kwaiyo sufuria nzito yenye kitako kinene, hiyo ndo ya kwanza kabisa, kale ka sufuria chepesi ndo kanakuunguzia. Moto wa kati. Kijiko cha chai cha mafuta, sambaza chini kote, weka punje tatu tu, funika. Subiri zile tatu zipasuke, ndo ujue joto limefika. Toa sufuria motoni, mwaga punje zilizobaki, zitingishe zipate mafuta zote, kaa hivo nusu dakika ili zote zipate joto pamoja, afu rudisha motoni. Mfuniko usiubane kabisa, acha upenyo kidogo mvuke utoke, ukibana zinakuwa laini kama sponji. Tingisha kila baada ya muda mfupi. Ile milio ikianza kupishana kwa sekunde mbili tatu, epua hapo hapo, usisubiri za mwisho, za mwisho ndo zinazounguza wenzake.

Bila mafuta kabisa inawezekana kwa sufuria hiyo hiyo ila usiache kutingisha hata kidogo na ukubali chache zitaungua. Mi naona kijiko cha chai cha mafuta kina thamani yake, kalori 40 sio za kugombana nazo. Na kama punje zako zimekauka, ziweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, tia maji kijiko cha chai kwa kila kikombe cha punje, tingisha, zifunge siku mbili tatu zinywe yale maji. Nyingi zinafufuka.

Chumvi. Kwenye bisi kavu chumvi ya kawaida inateleza yote inaenda chini ya bakuli, ndo unaongeza na kuongeza. Itwange iwe unga kabisa, inashika vizuri na unatumia kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yako ya siku nzima isizidi gramu 5, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, kwaiyo bakuli moja la bisi lisile robo ya hicho kijiko. Pilipili ya unga, kitunguu saumu cha unga, mdalasini kwa wanaotaka utamu bila sukari, hivo weka utakavyo.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima nina kisukari mwaka wa saba sasa, natumia vidonge. Mjukuu wangu kaniletea bisi anasema gazeti lenu limeruhusu. Nile au nisile? – Babu Msomaji

Shikamoo babu. Mjukuu anakupenda, ila "ruhusa" ina masharti. Bisi zina wanga, na wanga ndo unaopandisha sukari, hata kama huoni sukari ikinyunyizwa. Vikombe vitatu vya bisi zisizo na kitu vina wanga kama gramu 19, na katika huo kama gramu tatu na nusu ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari. Kwenye upangaji wa mlo wa wagonjwa wa kisukari vikombe hivyo vitatu huhesabiwa sawa na fungu moja la wanga, takriban gramu 15, kama kipande kimoja cha mkate. Kwaiyo zinaingia kwenye hesabu ya siku babu, sio nyongeza ya pembeni. Ukila bisi saa kumi, kuna wanga fulani wa mlo mwingine unapungua.

Uzuri wake ni zile nyuzinyuzi na ile kutafuna, zinaenda taratibu kuliko biskuti au soda. Vikombe viwili au vitatu, bila sukari, chumvi kidogo sana hasa kama na presha ipo, na ukiweza uzile pamoja na kitu chenye protini kama yai la kuchemsha au karanga chache. Kama una kile kipimo cha sukari nyumbani, pima kabla, kula, pima tena baada ya saa mbili, hapo utajua mwili wako wewe unazipokeaje maana watu hatufanani. Na tafadhali babu usiruke mlo ukala bisi badala yake, baadhi ya vidonge vya kisukari vinashusha sukari hata kama hujala vizuri na unaweza kuzidiwa. Hilo la vidonge muulize daktari anayekuona, mwambie jina la dawa. Zile bisi zilizopakwa karameli ndo mwambie mjukuu azile mwenyewe, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa sukari tupu.

Dada mambo. Kuna video inasambaa kwamba bisi za mfuko za maikrowevu zinaleta kansa na zinaharibu mapafu. Mi nazila karibu kila siku kazini. Niache? – Mwenye Hofu

Poa. Kwenye hiyo video kumechanganywa mambo mawili tofauti, na yote mawili yana chanzo cha kweli, ila yametiwa chumvi nyingi kuliko bisi zenyewe.

La mapafu. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, waligunduliwa wafanyakazi 8 wa zamani wa kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu wakiwa na ugonjwa mbaya wa njia ndogo za hewa kwenye mapafu, ule ambao hautibiki ukaisha. Chanzo kilionekana ni mvuke wa harufu ya siagi ya kutengenezwa, hasa kemikali inaitwa diasetili, waliyoivuta kazini siku hadi siku kwenye matangi ya moto. Kuvuta, sio kula. Tangu 2007 hivi kampuni kubwa za Marekani zilianza kuiondoa. Mlaji wa kawaida hafiki kwenye dozi ya wale wafanyakazi, ila mi bado nakwambia mfuko ukiufungua usiuinamie kuvuta ile harufu ya kwanza, kwanza mvuke wenyewe unaunguza uso, kila mtu aliyewahi kufungua ule mfuko kwa papara anajua.

La kansa linatoka kwenye mfuko. Karatasi ya kawaida ingelowa mafuta, kwaiyo mifuko ile kwa miaka mingi ilipakwa kemikali za jamii ya PFAS zinazozuia mafuta kupenya. Kemikali hizo haziozi, zinakaa kwenye mazingira na kwenye damu muda mrefu sana, na baadhi yake zimehusishwa na kolesto kupanda na aina kadhaa za kansa. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za kufungia chakula mwaka 2020, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba dawa hizo za kuzuia mafuta zenye PFAS haziuzwi tena kwa ajili ya vifungashio vya chakula nchini humo. Kwengine inategemea mfuko umetoka wapi na lini.

Kwaiyo mfuko mmoja mmoja haukuui. Ila "karibu kila siku" hapo mi nasita, na sababu yangu kubwa hata sio kemikali. Geuza mfuko usome nyuma. Utaona mafuta mengi, mara nyingi ya mawese, chumvi ya nguvu, na wanacheza na kipimo, kalori wanaandika za "kipimo kimoja" afu ukiangalia vizuri mfuko una vipimo viwili na nusu au vitatu. Nani anakula theluthi ya mfuko?

Maikrowevu yenyewe haina kosa. Chukua bakuli la kioo linalovumilia maikrowevu, punje vijiko viwili, funika na sahani ya kauri inayovumilia pia, washa dakika mbili na nusu hadi nne, milio ikipishana zima. Hamna mafuta hata tone. Toa kwa kitambaa kinene, bakuli linakuwa la moto kweli kweli. Karatasi za kaki za kubebea vitu usizitumie, zinaweza kushika moto na hujui zimetengenezwa na nini. Ukiwa na kibakuli chako kazini hutauhitaji tena ule mfuko.

Dada mtoto wangu ana miaka miwili na miezi kadhaa anazilia sana bisi akiona kaka zake wanakula. Nampa ndogo ndogo, kuna ubaya? – Mama wa Watatu

Acha leo. Sio suala la kalori hili, ni kukabwa. Mtoto chini ya miaka minne bado hajui kutafuna na kumeza vizuri, bisi ni nyepesi, anavuta pumzi akicheka au akilia inaingia kwenye njia ya hewa. Zile punje zilizogoma kupasuka ndo hatari kuliko zote na ziko chini ya bakuli ambapo mkono wake unapenda kwenda. Madaktari wa watoto wanasema subiri mpaka minne, na hata akifika, akae chini, asikimbie na bisi mdomoni, na wewe uwepo. Kaka zake wasile mbele yake basi, au mpe ndizi aone naye ana kitu.

Mimi niliambiwa nina vijifuko kwenye utumbo mpana na jamaa zangu wakanikataza bisi, karanga na mbegu zote, wanasema zinaingia mle zinaoza. Ni kweli? – Mtumbo

Hilo katazo lilikuwa la madaktari kabisa zamani, sio uzushi wa jamaa zako. Ila 2008 ulitoka utafiti mkubwa, wanaume zaidi ya 47,000 Marekani waliofuatiliwa miaka 18, na waliokula bisi angalau mara mbili kwa wiki hawakuonekana kupata uvimbe wa hivyo vijifuko zaidi ya wasiokula. Tena walipata kidogo zaidi. Kwaiyo katazo la jumla halina msingi tena. Ila kama sa hivi vimevimba na una maumivu au homa, hapo unafuata mlo laini aliokupa daktari mpaka upone, bisi zitakusubiri. Na kwa ambao tumbo linajaa gesi kila wakila bisi, punguza kiasi, kunywa maji ya kutosha, na kama huwa huli nyuzinyuzi kabisa usianze na bakuli kubwa siku ya kwanza.

Dada swali langu la kizushi. Kwa nini nikiwa sinema namaliza ndoo nzima hata kama ni mbaya, lakini nyumbani nikila kidogo nachoka? – Mpenda Filamu

Sio la kizushi hata kidogo, limefanyiwa utafiti! Mwaka 2011 watafiti wa University of Southern California waliwapa watu bisi wakiingia kuangalia trela za filamu, wengine bisi za siku hiyo, wengine za wiki nzima iliyopita, zimeshalala, ladha hamna. Wale ambao kwa kawaida hawali bisi sinema walikula kidogo zaidi zile za zamani. Wale wenye mazoea walikula za wiki iliyopita sawa sawa na mbichi, na walikiri wenyewe kwamba ni mbaya. Ila kundi jingine lililowekwa kwenye chumba cha mkutano kuangalia video za muziki, lilikula kidogo zaidi zile mbaya. Na kitu ninachokipenda zaidi: wenye mazoea walipoambiwa watumie mkono ambao hawajauzoea kulia, hata ndani ya sinema zile mbaya walizila kidogo, maana mkono ulikuwa hauendi wenyewe tena.

Kwaiyo ni kiti, giza na ndoo vinavyokula, sio njaa. Ndoo kubwa ya sinema yenye mafuta ya siagi inaweza kupita kalori 1,000, hiyo ni nusu ya siku kwa wanawake wengi. Chukua ndogo, kataa lile la kumiminiwa juu, na jaribu mkono wa kushoto kama we ni wa kulia, afu niandikie ilikuwaje.

Kuna mtu kaniambia bisi zina antioksidanti kuliko matunda na mboga, kwaiyo matunda niache? – Bila Jina

Usiache. Hiyo habari ilitoka 2012, mkemia mmoja wa Marekani alieleza kwenye mkutano wa wanakemia kwamba ganda la bisi lina polifenoli nyingi, ndo hizo antioksidanti za mimea zinazosaidia kulinda mwili, na ni kweli lina. Zimejikusanya kwenye zile gamba gamba zinazokwama kwenye meno, wakati tunda lina maji mengi kwaiyo ukilinganisha kwa uzito linaonekana dhaifu. Ila bisi hazina vitamini C, na kuwa na kitu kwenye ganda sio sawa na mwili kukifyonza. Hata yeye mwenyewe alisema hazichukui nafasi ya matunda na mboga. Ila waliosambaza habari yake, hayo maneno hawakuyasambaza.

Na kwa kuwa nimetaja meno: mwenye waya za kunyoosha meno asile bisi, basi. Wengine msitafune zile punje zilizobaki chini, zinavunja jino hasa lenye zibo kubwa, na gamba likikwama kwenye fizi litoe kwa uzi wa meno siku hiyo hiyo, likikaa fizi inavimba.

Dada la mwisho, bisi badala ya chakula cha usiku inafaa? Nataka kupungua haraka harusi iko karibu. – Bibi Harusi Mtarajiwa

Hongera mdogo wangu! Hapana. Bakuli la vikombe vitatu lina protini gramu tatu, yai moja tu lina sita. Ukifanya hivo kila usiku utashiba saa mbili na saa tano uko jikoni unapekua, na misuli nayo inalika pamoja na mafuta. Kula mlo wako wa usiku wenye mboga nyingi na protini, punguza wanga wa sahani, na bisi weka pale katikati ya mchana na usiku ambapo najua ndo unaponunua vitu vya ajabu. Vijiko viwili vya punje, mafuta kijiko cha chai, ulishasoma hapo juu. Na gauni lijaribu mapema fundi apate nafasi ya kurekebisha.